Kundi la WhatsApp limewafungua wanafunzi wangu midomo, lakini 23 wamebaki nje. Nifanyeje?

Mwalimu wa Baiolojia, Tanga

Walimu wenzangu na wazazi, habari za jioni.

Nafundisha sekondari ya kutwa hapa Tanga mjini. Darasa moja lina wanafunzi 68, wengi wa Ngamiani, Makorora na Sahare. Shuleni simu haziruhusiwi, na sina ugomvi na hilo. Kwa hiyo mwaka huu nilifungua kundi la WhatsApp kwa simu za wazazi, la jioni tu.

Nianze na kilichonifurahisha, ndipo mtaelewa kwa nini swali langu linaniuma.

Tulikuwa kwenye uainishaji wa wanyama. Darasani niliuliza sifa za samaki, ikanyooshwa mikono mitatu, ileile ya kila siku. Jioni nikatuma picha ya samaki aitwaye silikanti bila maelezo, na maswali mawili: mapezi yake yana nini cha ajabu? Na huyu anataga au anazaa? Nilimchagua kwa sababu ni wa kwetu. Wataalamu waliamini alitoweka zamani pamoja na dainosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Na hapa Tanga tuna hifadhi ya bahari yenye jina lake tangu 2009. Watoto wanaoga bahari hiyohiyo, na wengi hawakuwa wamewahi kumsikia.

Saa mbili usiku ikaingia sauti kutoka kwa kijana mmoja wa Sahare. Huyu tangu Januari sijamsikia darasani zaidi ya kuitikia jina. Alikuwa amemrekodi babu yake, mvuvi. Mzee anaeleza pole pole jinsi samaki huyo alivyopanda na wavu wa jarife usiku mmoja miaka ya nyuma, wakadhani ni chewa, mpaka walipomulika taa wakaona mapezi yana nyama kama vikono vya mtoto. Mwishoni kijana anaongeza mwenyewe: kwa hiyo mwalimu, pezi lake lina mfupa na nyama ndani, si kama la samaki changu.

Nilisikiliza mara nne. Ndiyo sifa yenyewe niliyotaka waione, na imetoka Sahare, haikutoka kitabuni.

Baada ya hapo sauti zikafuatana, wanabishana anataga au anazaa. (Anazaa. Mayai huanguliwa tumboni mwa mama.) Msichana mmoja alieleza kwa Kiswahili vizuri kabisa, kisha akajirekodi kwa Kiingereza, akakosea, akarudia, akarudia tena mpaka ikanyooka. Darasani asingethubutu. Kiingereza kikimkataa mdomoni, mtoto anakaa kimya na jibu lake.

Asubuhi naingia darasani, wanacheka, wanaulizana habari za babu. Dawati la nyuma karibu na dirisha wasichana watatu wanatazamana. Nikahesabu: 23 hawamo kwenye kundi. Kwao kuna kitochi tu, au simu baba anaondoka nayo, au bando hakuna. Mmoja wa wale wasichana akaniuliza taratibu, "Mwalimu, jana mlisoma nini?"

Mlisoma. Neno hilo bado limenikaa kifuani.

Kulifunga kundi naona nitawanyamazisha tena wale walioanza kusema. Kuendelea hivi pia siwezi. Wenye uzoefu, mnafanyaje?

Ticha wa Pangani

Mwalimu, hongera na pole. Nami nilipita hapohapo. Kosa langu lilikuwa kuanzisha swali kwenye simu. Siku hizi linaanzia ubaoni kabla ya kengele ya kutoka, na kila mtu analinakili. Kwenye kundi hapaingii swali jipya wala notisi mpya, yanaingia majibu tu. Asiye na simu anamuuliza bibi yake au jirani, anakuja na jibu kwenye karatasi.

Asubuhi naunganisha simu yangu na spika ndogo. Nawasikilizisha sauti tatu, nasoma karatasi tatu, dakika kumi zimetosha. Usichague zilizo sahihi peke yake. Jibu lililokosea likisikika bila jina, darasa zima linalisahihisha na hakuna anayeaibika. Picha naichapa nyeusi na nyeupe, moja kwa madawati manne.

Mama Makorora

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mzazi, si mwalimu, niwieni radhi.

Simu yangu ndiyo duka langu. Nakaanga samaki jioni, wateja wananipigia, na saa hizohizo binti anaitaka kwa ajili ya masomo. Namwachia, kwa sababu naona anavyochangamka. Ila pangeni saa ijulikane, na ikifika mwisho iwe mwisho. Bando likiisha kwa masomo, kesho yake mimi nimepoteza oda.

La pili ni zito zaidi. Kwenye kundi kila mtu anaiona namba ya mwenzake. Kundi la somo jingine alikokuwa binti yangu, zikaanza kuingia salamu saa tano usiku kutoka namba tusiyoijua. Kumbe ni kaka mtu mzima wa mwanafunzi fulani, ndiye mwenye ile simu. Nilimtoa binti usiku uleule. Hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini ametoka. Nakuomba sana mwalimu, hilo ulitazame kabla ya mengine yote.

Mwanachuo, zamani Ngamiani

Shikamoo mwalimu. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wasio na simu. Rafiki yangu alikuwa ananinakilia yaliyosemwa kwenye kundi, na namshukuru mpaka leo, lakini aliandika yale tu aliyoona yeye yana maana. Mimi nikabaki wa kupokea.

Kilichonirudisha ni mwalimu wa Jiografia aliyenipa kazi ambayo simu haiwezi: kwenda pwani maji yakipwa, nitazame, nichore, nihesabu. Wenzangu wakawa wanasubiri daftari langu. Wape kazi hiyo, mwalimu, hasa siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali zaidi. Ila wasiokote viumbe hai, wachore tu na kuwaacha palepale.

Mwalimu wa Baiolojia, Tanga

Marahaba mwanangu. Nimerudi baada ya wiki mbili.

Mama Makorora, nilianza na lako. Kundi nimelivunja. Sasa natumia orodha ya matangazo: ujumbe wangu unamfikia kila mzazi peke yake, na hakuna anayeiona namba ya mwenzake. Sharti lake, mzazi awe amehifadhi namba yangu, vinginevyo haumfikii, kwa hiyo nilipita kwa wazazi mmoja mmoja. Sauti zinaletwa kwangu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, na mwalimu wa malezi anazisikiliza pamoja nami. Samahani kwamba wewe hakuna aliyekuuliza.

Ticha, spika nimeazima kwa jirani. Kubishana kwa usiku kumepotea, na nimehuzunika kidogo, lakini sasa wanabishana asubuhi mbele yangu, wote 68.

Na bamvua ilipokuja, swali lilikuwa: tafuta mnyama asiye na uti wa mgongo, eleza umemjuaje. Yule msichana wa dirishani alikwenda pwani ya Mwambani na mdogo wake. Akaleta mchoro wa penseli wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, mikono minne mirefu na mmoja mfupi, kama kidole. Chini ameandika kwa Kiingereza, herufi kubwa: kwa nini huu mmoja ni mdogo, alizaliwa hivyo au unaota upya?

Kijana wa Sahare alinyoosha mkono, wa kwanza mwaka huu. Akasema babu yake anasema unaota, lakini hajui ni kwa muda gani. Hata mimi sikuwaambia. Swali la ubaoni leo ni la yule msichana, kwa maneno yake mwenyewe.