Wateja wangu wote wako ndani ya simu. Nichukue kiduka au nifanyeje?

MamaNasra, Eastleigh

Habari zenu wanajukwaa. Nashona madera na magauni ya sherehe. Nilianza 2021 na cherehani ya kukodi, sasa tuko wawili, mimi na binti wa dada yangu. Duka sina. Kila usiku baada ya Isha natundika nguo ukutani, nawasha taa, naingia laivu TikTok. Anayependa nguo ananiandikia WhatsApp, analipa kwa M-Pesa, asubuhi kijana wa boda anapita kuchukua mzigo. Wa Meru na Nakuru nawatumia kwa matatu. Kodi ya nyumba na karo ya Nasra vinatoka hapo.

Mambo mawili yameninyima usingizi. Kwanza ni yale ya Marekani. Usiku wa tarehe 18 Januari 2025 TikTok ilizimwa huko kwa sababu ya sheria iliyotiwa saini mwaka uliotangulia. Ilirudi siku ya pili, sawa, lakini nilijiuliza: ingekuwa huku, na isirudi?

La pili limenipata mwenyewe. Mwezi uliopita simu yangu ilinyakuliwa dirishani nikiwa kwenye matatu, foleni ya Ngara. Laini nilirudishiwa kesho yake. Majina, vipimo na oda za wiki nzima havikurudi. Kulikuwa na bibi harusi aliyekwisha lipa nusu, na mimi sikumbuki hata upana wa mabega yake. Ilibidi afunge safari kutoka Thika siku mbili kabla ya harusi nimpime upya. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nina akiba ya Sh65,000. Baba Nasra anataka nichukue kiduka mtaani, lakini mwenye kiduka anadai gudwili, ile pesa ya kuachiwa nafasi, na kodi ya miezi miwili, pesa yote inaishia hapo. Mimi nawaza kununua simu ya pili na kufungua Facebook na Instagram ili nisitegemee mtandao mmoja. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

FundiKariokor

Msikilize mzee. Nguo hushikwa, mama. Mtu anataka aguse kitambaa, ajue kama kitamchoma na joto. Kiduka hakinyakuliwi dirishani.

KaraniZimmerman

Mama Nasra, pole sana kwa simu. Kabla hujafungua akaunti nyingine, hebu tazama hivi: Facebook, Instagram na WhatsApp zote ni za kampuni moja, Meta. Tarehe 4 Oktoba 2021 zilizimika zote tatu kwa pamoja, dunia nzima, kwa takriban saa sita. Kwa hiyo ukiwa nazo tatu, ni kama umefungua milango mitatu kwenye nyumba moja. Msingi ukitikisika, milango yote inatikisika.

Na usidhani hofu yako ni ya Marekani tu. Agosti 2023 ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku lilifika katika Bunge letu hapa. App haikufungwa, lakini ombi lilisikilizwa. Novemba mwaka huohuo, na tena Novemba 2024, Telegram ilikatika nchini wakati wa mitihani ya kidato cha nne, KCSE. Tarehe 25 Juni 2024 intaneti yenyewe ilidorora. Majirani ndio usiseme: Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, Tanzania ikafunga X, ile Twitter ya zamani, Mei 2025. India waliipiga marufuku TikTok mwaka 2020 na hadi leo bado.

Sisemi uache TikTok. Wateja wako huko, endelea na laivu zako. Ninachosema ni kwamba pale ni mahali pa kukutana na mteja, si mahali pa kumhifadhi.

NdugaWaKampala

Namuunga mkono Karani. Dada yangu anauza vitenge Kampala, karibu wateja wote walikuwa wa Facebook. Siku ilipofungwa wenzake walianza kuhangaika na VPN, zile app za kupenya mtandao uliofungwa. Yeye alikuwa na namba za simu za wateja wake zimeandikwa kwenye kitabu cha shule, akaanza kupiga mmoja mmoja. Ilimchukua wiki nzima. Hadi leo anauza.

FundiKariokor

Karani, maneno mazuri. Lakini mteja wa Meru atamwona wapi mama huyu kama TikTok imefungwa na kiduka hana?

BiMwanakombo_Majengo

Mwanangu Mama Nasra, mimi nashona Pumwani tangu simu zilikuwa za kukoroga namba kwa kidole. Nisikilize kidogo.

Nina madaftari kumi na moja. Kila mteja ana ukurasa wake: jina, mtaa, kifua, kiuno, nyonga, kimo, urefu wa mkono. Chini yake naandika alichoshona na mwaka. Binti niliyemshonea gauni la shule namfungulia ukurasa mwingine akiolewa. Akija mama yake namwambia, "Mwanao alikuwa kiuno ishirini na nne", anacheka, anashona na yeye. Daftari hilo ndilo duka langu. Kibanda nimekihama mara tatu, mara moja kwa moto, na wateja wamenifuata kila mara kwa sababu nilijua pa kuwatafuta.

Yule bibi harusi wa Thika hakupotezwa na mwizi. Alipotea kwa sababu vipimo vyake hukuviandika. Nakwambia hivi kwa mapenzi.

Usilipe gudwili kwa pesa yote uliyo nayo. Mwezi mmoja mbaya ukikukuta, duka si lako na akiba haipo.

WakiliMdogo_SouthB

Shikamoo Bi Mwanakombo. Naongeza upande wa sheria, maana hapa watu wengi hujikwaa. Jina, namba na vipimo vya mteja ni data yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda. Mwambie unaviandika na kwa nini, na daftari lisilale wazi mezani.

Zaidi ya hapo, picha. Nimeona wauza nguo wengi wakiweka picha za wateja waliovaa bila kuwauliza. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza sehemu moja ya burudani hapa Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Muulize kwanza, na jibu libaki kwa maandishi.

Na tafadhali usiwatupe wote kwenye kundi moja la WhatsApp wakaonana namba. Fungua chaneli, zile zilizokuja 2023. Humo wafuasi hawaonani namba.

KaraniZimmerman

Fundi, swali lako ni la haki. Mteja wa Meru atapokea ujumbe wa kawaida wa simu, usiohitaji app wala bando. Mama Nasra, kwa WhatsApp tumia pia orodha ya matangazo, unaandika ujumbe mmoja unamfikia kila mtu kivyake, inabeba watu 256, ila ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Basi kwenye laivu, kila usiku, waombe waihifadhi. Majina yahifadhi kwenye akaunti ya Google, si kwenye simu wala laini. Weka nakala ya mazungumzo, na ile PIN ya tarakimu sita ya WhatsApp uiwashe leo.

MamaNasra

Nimesoma yote na Baba Nasra, mara mbili. Kiduka tumekiacha kwa sasa. Sh14,000 zimenunua simu ya pili, hii haitoki nyumbani. Jana nilikaa na binti wa dada yangu tukapitia taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, tukanakili majina ya waliolipa. Kila anayeniandikia tena namwomba vipimo na ruhusa ya kuviandika. Bibi harusi wa Thika ndiye ukurasa wa kwanza, na picha ya harusi ameniruhusu niiweke.

Bi Mwanakombo, niulize kitu kimoja. Daftari unalipanga kwa herufi au kwa tarehe?

BiMwanakombo_Majengo

Kwa mtaa, mwanangu. Akina Fatuma peke yao ninao kumi na tisa.