Naomba ushauri: kufunga kompyuta ya safari kwenye Hilux ya dizeli

Wakuu habari, niko Tabora, nina Hilux injini ya 5L (jina la injini, si lita tano), inapiga ruti za Urambo na Kaliua kubeba asali. Nataka kidude cha kuonyesha inakula lita ngapi kwa kilomita 100, maana dereva kila akirudi hesabu ya mafuta ina hadithi yake. Sasa gari haina soketi ya OBD2 (ile ya kuchomeka kifaa cha kusoma data za injini) na pampu ni ya kizamani, vile vya kuchomeka tu ndo basi tena, fundi anasema tufunge mita mbili, moja mafuta yanapoingia kwenye pampu nyingine kwenye mpira wa ritani, kwa sababu dizeli nyingine inarudi tenki, halafu kompyuta itoe tofauti. Kuna aliyefunga hivyo? Ile ya ritani inarudi ya moto imetanuka, si hesabu itadanganya? Au niendelee tu na fulu tenki na daftari?