Kisima cha Drake alichimba nani hasa?

Wakuu, kila mahali nasoma Edwin Drake alichimba mafuta Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859. Huyu si alikuwa kondakta wa treni? Kuchimba alijulia wapi?

— Hakujua, mkuu. Mimi nachimba visima vya maji Singida, mwaka wa 19 huu, na heshima yangu naipeleka kwa William Smith, "Uncle Billy", mhunzi aliyezoea visima vya chumvi, ndiye aliyemchimbia Drake. Injini ya mvuke inanyanyua patasi ya chuma, inaiachia idondoke, kutwa nzima mnapata kama mita 1! Udongo ulipobomokea shimoni, Drake akaamua kugongomea bomba la chuma hadi kwenye mwamba, karibu mita 10. Hilo nampa. Bila bomba hata sisi tungezika vifaa kila wiki.

— Mafuta aliyaona nani kwanza?

— Billy, Jumapili Agosti 28, alipochungulia bombani. Mita 21 tu! Oktoba akasogea na taa ya moto, mitambo ikateketea. Kijana wangu mmoja anavuta sigara pembeni ya dizeli, nimemsimulia hiki kisa mpaka kanichoka.

— Drake alitajirika basi?

— Wapi! Hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu wake wa bomba, hakuchukua. 1873 jimbo likamwonea huruma, dola 1,500 kwa mwaka.