Tupeane uzoefu: imani ilipokugharimu kazini (ushuhuda wa kupata gari tuuache kanisani)

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zangu Wakatoliki.

Shuhuda nazipenda, ila nyingi zinaishia mahali pamoja: nilikataa rushwa, mwezi uliofuata nikapandishwa cheo, sasa nina kiwanja. Haleluya, kaa chini. Waliokataa wakabaki palepale hawaitwi mbele. Hapa nawaomba hao. Tusimulie Jumatatu hadi Jumamosi ilivyokuwa, hata kama haikuisha vizuri. Na mistari tusirushiane bila kisa.

Naanza. Nimeajiriwa kuuza duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Wateja wetu wakubwa ni watu wa kutumwa: fundi, dereva wa ofisi, mnunuzi wa shule. Mzigo wa laki nane anataka karatasi isome laki tisa na nusu. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, imepunguza mchezo, haijaumaliza, kwa sababu siku hizi wanapandisha bei mapema kwenye ankara ya makadirio. Nikikataa hagombi. Anaingia duka la pili.

Nilimwambia bosi kabla hajaambiwa na wengine. Bosi ni Muislamu. Akasema hata kwao kuna sura nzima, ya 83, inayoanza na onyo kwa wanaopunja vipimo, hivyo niandike bei ya kweli. Nikafurahi. Ila mimi nalipwa kwa kamisheni, na hiyo hakuigusa. Januari ada ya watoto nilikopa kikoba.

Mama Viazi, Njombe

Asante kwa mada. Wa mjini mnaijua lumbesa kwa jina tu. Gunia linajazwa, halafu linashonewa kilemba cha wavu juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka mzigo usizidi kilo 100, na kila mnunuzi anaijua.

Nilipoamua kununua kwa kilo, nikapeleka mzani shambani nikitegemea kushangiliwa. Wakulima wakakataa! Wameibiwa na mizani iliyochezewa mpaka wanaona afadhali lumbesa, ambayo wizi wake unaonekana kwa macho. Nilirudi na mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, nikaupandisha kwenye mzani mbele ya wote. Mzee mmoja akaushusha akaupandisha tena yeye mwenyewe. Tangu hapo upande huo wananiuzia.

Shida imehamia Dar. Sokoni kule wananunua kwa gunia, na langu linaonekana dogo likikaa karibu na yenye vilemba, kwa hiyo napewa bei ya chini. Faida imepungua na haijarudi. Mume wangu ananiuliza huo wokovu wangu unakula nini.

Dereva wa Nakuru

Mimi niko Kenya, naendesha matatu. Mafundisho ya kukataa kutoa kitu kidogo tumefundishwa vizuri sana. Kile hatukufundishwa ni abiria.

Karao, yaani polisi, amenisimamisha, karatasi zangu zote ziko sawa, nikamwambia sina cha kumpa, aandike kosa kama lipo. Akaniweka kando ya barabara, anakagua taa, anakagua mikanda, anazunguka gari pole pole. Nyuma wakaanza: “Dereva, mpe mia twende! Unatuchelewesha!” Na waliopiga kelele zaidi walikuwa akina mama na vitambaa vya chama cha kanisa, wanaenda kongamano la maombi. Makanga wangu akataka kutoa mia yake mwenyewe.

Sikutoa. Tuliachiliwa baadaye bila maneno, lakini wawili walishuka wakapanda gari lingine, na nauli yao ikaenda. Jioni mwenye gari anataka hesabu yake kamili.

Nyongeza kwa vijana: usianze kukataa ukiwa na tairi limeisha na bima imepita. Hapo unatafuta tu makosa ya bure. Tengeneza gari kwanza.

Mjukuu wa Bukoba

Nimecheka hiyo ya vitambaa. Mimi naleta ya babu, maana sisi wa leo tumerithi nyimbo za Uamsho tukaacha kazi yake.

Ule Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930 ulifika hadi kwetu Buhaya. Wenyewe walikuwa wakiimba Tukutendereza, wanaungama hadharani, na kutubu kwako hawakukuamini mpaka wamekuona unarudisha. Jembe la jirani, shuka la hospitali, mbuzi. Walikuwa wamemchukua neno kwa neno Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili aliyeahidi kurudisha alichodhulumu.

Babu alikuwa mpima kahawa. Alipookoka akapiga hesabu ya alivyokuwa akipunja, akauza ng'ombe, akapeleka fedha kwa waliomwajiri. Karani akakwama. Fedha hizo aziandike kitabu gani? Si mauzo, si mchango, na akiziandika kama deni lililolipwa, deni lenyewe halipo popote. Babu aliambiwa arudi nazo nyumbani. Akakataa, akaenda kwa wakulima mmoja mmoja aliowakumbuka. Bibi hakumsamehe yule ng'ombe. Hata uzeeni alikuwa akimtaja kwa jina.

Dada wa Kazi

Shikamooni. Mimi nasoma tu humu, leo naomba niandike.

Mabosi zangu wameokoka wote wawili na wanaheshimika kanisani. Hawanipigi, hawanitukani, chakula nakula wanachokula. Ila naamka saa kumi na moja niandae watoto wa shule, na ibada ya familia ni saa tatu usiku. Inakwenda mpaka saa nne, baada yake ndiyo naosha vyombo. Nikisinzia kwenye maombi naambiwa ni roho ya usingizi, wakanikemea siku moja wakaniwekea mikono.

Fungu la kumi linatoka tarehe ileile kila mwezi, nalijua maana bahasha inakaa juu ya friji. Mshahara wangu unangoja. Mwezi huu ni wa pili. Nauliza tu, hiyo nayo mnaiita kuishi imani?

Mleta mada

Dada, marahaba. Ninyi wengine mnaotaka kumjibu kwa mistari ya uvumilivu, subirini.

Mstari anao tayari, Yakobo sura ya 5, pale ambapo ujira uliozuiliwa unapiga kelele wenyewe. Mwenye kujua sheria ajibu.

Mama Viazi, Njombe

Nimeona aibu kwa niaba ya watu wazima wote humu. Kwangu yupo binti, na mshahara wake nautoa kabla sijalipa gari la mzigo.

Karani Mstaafu

Nilishughulika na mambo ya ajira miaka mingi. Dada, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya hapa Tanzania inakuhusu hata kama kazi yako ni ya ndani ya nyumba. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, tena si zaidi ya tisa kwa siku. Mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo, likizo ya mwaka siku 28 zenye malipo. Ibada si kosa, ila kama ni lazima ukae, mimi ningezihesabu kuwa saa za kazi. Wakikataa kukulipa kabisa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usikae muda mrefu maana malalamiko yana siku zake.

Lakini usianzie huko. Andika kwenye daftari tarehe ulizolipwa na ambazo hukulipwa. Kisha ongea nao, ikiwezekana awepo mzee wa kanisa.

Dada wa Kazi

Asante baba. Mzee wa kanisa ndiye bosi mwenyewe. Nitaanza na mama, Jumamosi tukiwa tunachambua mchele, siku ambayo hakuna wageni. Daftari ninalo.