Toyota IST ya mkononi iliyogongwa mbele: unaikaguaje kabla ya kulipa?

mnunuzi_moro

Wakuu, habari za jioni. Kuna IST old model naifuatilia, NCP60 (namba ya modeli) ya 2003, injini 2NZ, otomatiki, nyeupe ya lulu. Muuzaji hafichi kwamba iligongwa hapa nchini, mbele kushoto. Anasema vilivyobadilishwa ni bampa, boneti, taa ya kushoto, fenda ya kushoto na rejeta, "chasisi haijaguswa". Bei yake iko chini ya wenzake kwa milioni mbili. Kwa macho inang'aa kweli. Nitajuaje kama hilo la chasisi ni kweli? Na hiyo milioni mbili ni nafuu au ni mtego?

fundi_bodi_ilala

Mkuu, tuanze na hilo neno chasisi, maana ndipo wengi wanapopigwa. IST haina chasisi ya kujitegemea kama Land Cruiser. Bodi yote ni kitu kimoja. Mbele kuna mbavu mbili za chuma zinazotoka kwenye ukuta wa kabini, ndizo zilizobeba injini, na kwenye ncha zake kuna fremu inayoshika rejeta. Kwa hiyo usimuulize habari za chasisi, muulize mbavu na fremu ya rejeta. Bampa, boneti, fenda na taa ni vitu vya kufungwa kwa bolti, vikibadilishwa hakuna tatizo. Mashaka yako nyuma yake.

Nenda mchana, usikubali kuonyeshwa gari jioni wala ikiwa imelowa. Beba tochi na futi kamba. Fungua boneti, uangalie vidoti vya kuchomelea kwenye mbavu na kwenye kingo za fremu. Vya kiwandani ni vya mviringo, vimebonyea kidogo, vimepangana kwa nafasi zinazolingana. Gereji nyingi za mtaani hazina mashine hiyo. Fundi anachomea kwa CO2 au gesi, anasaga kwa grainda, anaziba kwa puti (lipu ya kusawazisha bodi) na kupaka rangi. Hapo utakuta mstari mnene, au pamelainika kabisa bila kidoti hata kimoja wakati upande wa pili vipo. Kila unachokiona kushoto, katazame mwenzake kulia. Mbavu zina mikunjo iliyowekwa makusudi ili zijikunje gari ikigonga, kwa hiyo usishtuke ukiiona. Mkunjo ulio upande mmoja tu ndio wa ajali.

Kisha pima. Nyoosha usukani, gari ikae pasipo na mteremko. Pima kutoka katikati ya hubu (kitovu cha gurudumu) ya mbele hadi katikati ya hubu ya nyuma, kushoto na kulia. IST ya kwanza inatakiwa iwe milimita 2370. Tofauti ya milimita mbili tatu inaweza kuwa ni mkono wako tu. Ikifika kumi, gurudumu limesukumwa nyuma. Baada ya hapo pima msalaba ndani ya chumba cha injini: toka bolti ya juu ya shokapu kushoto hadi tundu la bolti ya taa kulia, halafu kinyume chake. Ukipata tofauti ya zaidi ya milimita tano, mwambie muuzaji akueleze.

Kwa nini nakazania mbavu? Chuma kikishachomwa moto wa gesi na kunyooshwa kwa nyundo kinarudi umbo, nguvu hakirudishi. Safari hii kilijikunja kikakuokoa. Safari nyingine kinaweza kujikunja mapema mno, au kisijikunje kabisa.

rangi_na_klia

Niongeze upande wa rangi, maana "inang'aa kweli" haimaanishi kitu. Klia mpya, ile rangi ya juu isiyo na rangi, inang'aa hata juu ya debe.

Soma kibati cha maelezo kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, palipoandikwa C/TR, yaani namba ya rangi. Ukikuta 040, hiyo ni Super White II, nyeupe ya kawaida isiyo na lulu. Kama gari ni ya lulu na kibati kinasema 040, basi imepakwa upya nzima, na huenda ajali yake haikuwa ya fenda tu.

Lulu halisi ni tabaka tatu: rangi ya chini, lulu yenyewe, halafu klia. Kinachoharibika ni tabaka la kati. Ukilipiga mikono (mapito ya rangi) miwili badala ya mitatu, rangi inageuka. Fundi makini hupaka fenda na kuifisha rangi taratibu hadi ndani ya mlango wa mbele, halafu klia anapiga mlango mzima. Asiyejua anaishia kwenye ukingo wa fenda. Simama hatua tano pembeni, utazame fenda na mlango kwa mshazari, kwanza juani halafu kivulini. Mmoja ukiwa wa njano kidogo, umeshajua.

Mwenye kipima rangi, kifaa cha kupima unene wa rangi, akuazime. Rangi ya kiwandani ya magari haya huwa mikroni 80 hadi 150 hivi. Ukipata 250 au 300, imepakwa upya, si dhambi. Ukipata 800 kwenda juu kuna puti. Puti ikishasagwa isizidi milimita tatu. Nene zaidi ya hapo inapasuka kwa joto na mtikisiko, hasa fundi akizidisha hadina (dawa ya kukausha) ili ikauke haraka. Kipimo chake ni kama asilimia mbili ya uzito wa puti. Ikizidi, baada ya miezi unaona doa linapanda hadi kwenye rangi ya juu.

Bampa ni plastiki, sumaku wala kipima rangi havikusaidii. Ingiza mkono nyuma yake. Imeandikwa >PP< au herufi zinazofanana na hizo. Plastiki hiyo huchomewa kwa vijiti vya plastiki ya aina ileile na kupakwa praima ya plastiki. Wakiijaza puti ya bati, jiwe moja tu linabandua kipande kizima.

mzee_wa_mnada

Vijana, mnamchosha. Aombe karatasi ya mnada wa Japani aone daraja. Ikiwa R au RA, gari ilishatengenezwa mbavu au nguzo huko huko. Ikiwa 3.5 au 4 haina historia hiyo. XX kwenye mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo ni kipande kilichobadilishwa, W ni kilichonyooshwa, U ni kibonyeo, A ni mkwaruzo.

fundi_bodi_ilala

Mzee wangu, shikamoo. Karatasi ni nzuri, ila hii imegongwa hapa hapa. Karatasi inaishia siku ya mnada. Tena kule Japani fenda au boneti ikibadilishwa haihesabiki kama historia ya ajali, mpaka waguse mbavu, nguzo, sakafu au paa. Hapo unaona kwamba hata wao wanagawa kama nilivyogawa mimi.

mzee_wa_mnada

Marahaba. Hilo kweli, sikusoma vizuri alipogongewa. Basi karatasi imsaidie kujua kama hii ni ajali ya pili.

waya_njano

Hakuna aliyegusa eabegi, yaani mifuko ya hewa ya usalama. Washa swichi bila kupiga stati. Taa ya eabegi inatakiwa iwake kama sekunde sita kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, kuna mtu kaificha. Wengine huiunganisha na taa ya mafuta ya injini ili ziwake na kuzima pamoja, kwa hiyo angalia kama inazima yenyewe au inasubiri injini iwake.

Vuta mikanda ya mbele yote miwili hadi mwisho, iachie. Eabegi zikilipuka, vikaza mkanda navyo hulipuka, na mkanda unabaki mgumu au haurudi. Tazama pia kifuniko cha katikati ya usukani na upande wa abiria kwenye dashibodi: gundi, mshono, rangi isiyofanana na plastiki ya jirani.

Mkimpa fundi kazi ya eabegi, atoe betri na kusubiri sekunde 90 kabla ya kugusa soketi yoyote ya njano, maana ndizo za eabegi.

Na rejeta. Kwenye otomatiki hii kipoza mafuta ya gia kimo ndani ya rejeta. Ya zamani ikipasuka kwa ndani, maji na mafuta ya gia vinachanganyika. Chomoa dipstiki ya gia, pangusa kwenye karatasi nyeupe. Mafuta yakiwa kama maziwa ya stroberi, ondoka bila kuaga. Hiyo gia haina muda.

mnunuzi_moro

Nashukuru sana wakuu. Nimerudi kwa gari leo. Kushoto 2361, kulia 2370. Vidoti vya kwenye mbavu vipo pande zote na vinafanana, ila fremu ya rejeta upande wa kushoto ina mstari wa kuchomea. Msalaba unatofautiana milimita tatu. Taa ya eabegi inawaka na kuzima yenyewe. Mafuta ya gia mekundu safi. Kibati hakisemi 040.

fundi_bodi_ilala

Hapo pana matumaini, ila usilipe bado. Mbavu zinaonekana salama, gurudumu la kushoto ndilo limerudi nyuma milimita tisa. Mara nyingi ni wishiboni ya chini (mkono unaoshika gurudumu) imepinda, nayo ni ya kufunga kwa bolti, Gerezani kwenye maduka ya spea Dar zipo. Inaweza pia kuwa krosimemba (boriti ya chini inayobeba wishiboni) imesogea kwenye bolti zake.

Mwambie muuzaji mwende wote kwenye alaimenti (upimaji wa mkao wa matairi) ya kompyuta, upate karatasi iliyochapwa. Kwa kawaida mbele ya IST hurekebishwa kimoja tu, kufunguka na kufunga kwa matairi. Kule kulala kwa tairi ndani au nje hakuna bolti ya kurekebishia ya kiwandani. Kwa hiyo fundi wa alaimenti akikwambia "nitaiweka sawa" kwa kulazimisha, mkatalie. Unachotaka ni namba. Namba za kulala kwa tairi, kushoto na kulia, zikitofautiana zaidi ya digrii 0.75, kuna kilichopinda.

Afunge wishiboni mpya kwa gharama yake, mpime tena hubu kwa hubu. Ikirudi 2370 au karibu na hapo, fremu ya rejeta peke yake isikunyime gari. Kagua kama kufuli la boneti linashika vizuri, na bei iteremke zaidi ya ile milioni mbili. Ikibaki 2361 baada ya wishiboni na krosimemba kukaa sawa, mwachie gari lake.

mnunuzi_moro

Amekubali alaimenti kesho saa nne. Wishiboni anasema tugawane.

rangi_na_klia

Usigawane chochote kabla gari haijawa yako.