Tumhurumie binti wa Louis XVI mpaka wapi?

Mwanahoja:
Wakuu, heshima zenu. Kila akitajwa Marie-Thérèse, binti mkubwa wa Louis XVI, mfalme wa Ufaransa aliyepinduliwa katika Mapinduzi, na malkia Marie Antoinette, watu humlilia na kuishia hapo. Mimi nasema kumlilia kuna mpaka, na mpaka wenyewe ni mwaka 1815.

Kwanza nimpe haki yake. Agosti 1792 alifungwa na wazazi wake katika mnara wa Temple, Paris, akiwa na miaka 13. Januari 1793 baba akapelekwa kwenye gilotini, mashine ya kukata vichwa. Julai wakaja kumchukua mdogo wake wa kiume kwa nguvu. Mama akahamishwa Agosti, Oktoba akauawa. Shangazi Élisabeth akafuata Mei 1794. Binti akabaki peke yake chumbani, na hakuna aliyemwambia kwamba mama na shangazi hawapo tena. Alikwaruza maneno ukutani: yeye ndiye mwenye bahati mbaya kuliko watu wote duniani, ameuliza habari za mama yake mara elfu na hajibiwi. Ukweli aliambiwa 1795, mwaka uleule mdogo wake alipofia ghorofa ya chini yake, ana miaka 10.

Huo ulikuwa ukatili mtupu. Tena sheria ya Ufaransa haikumruhusu mwanamke kurithi kiti cha ufalme, sasa mtoto wa kike walimwogopea nini?

Lakini 1815 ni mtu mzima wa miaka 36. Baba yake mdogo, Louis XVIII, karudishwa madarakani baada ya Napoleon kushindwa vitani Waterloo, na binti yuko upande wa wanaotaka adhabu kali kwa waliomfuata Napoleon. Desemba 7 Ney, jemadari wa Napoleon, akapigwa risasi. Lavalette, aliyekuwa mkuu wa posta wa Napoleon, naye kahukumiwa kifo. Inasimuliwa kwamba mkewe, Émilie, alikwenda ikulu kumwangukia binti huyu, akageuziwa uso. Ikabidi Émilie aingie gerezani, wabadilishane nguo, mume atoke na gauni. Aliyepata kusota akisubiri habari za mama yake ndiye wa kumgeuzia uso mke wa mfungwa?

Bint Mwambao:
Mkuu, hapo umeruka mambo. Ney alihukumiwa na Baraza la Mabwana, na binti hakuwa na kura humo. Halafu mbona msamaha hudaiwa kwanza kwa aliyeumizwa? Fouché, aliyepiga kura baba yake auawe, mwaka huohuo 1815 kapewa uwaziri wa polisi na huyo baba mdogo! Wewe ungekaa naye meza moja?

Mzee wa Kona:
Ndugu zangu, swali la "walimwogopea nini" halijajibiwa. Hawakumwogopa, walimweka akiba. Mama yake alikuwa wa ukoo wa watawala wa Austria, na Austria ilikuwa inashikilia wafungwa wa Kifaransa. Desemba 1795, usiku wa kuamkia siku ya kutimiza miaka 17, wakamtoa Temple, wakaenda kumbadilisha na wafungwa hao Basel, Uswisi. Mmoja wa waliorudishwa Ufaransa kwa ajili yake ni Drouet, yule msimamizi wa kituo cha farasi aliyemtambua mfalme njiani Juni 1791, familia yote ikakamatwa Varennes. Ona biashara hiyo! Aliyewakamatisha ndiye alikuwa bei yake.

Mwanahoja:
Mzee, shikamoo, hiyo ya akiba nimeikubali.

Dada, kwa Fouché sina ubishi, hata mimi nisingekaa naye. Na kweli kura hakuwa nayo, ila neno lake kwa mfalme lilikuwa na uzito, ndiyo maana Émilie alimtafuta yeye. Sasa angalia: Ney hakuwemo katika Bunge lililomhukumu baba yake, wala Lavalette. Kosa lao ni kumrudia Napoleon aliporejea kutawala 1815. Kama ni uchungu wa Temple, hawa wawili waliulipia kwa lipi?