Binti yangu hakosi penalti mazoezini, kwenye mechi anaganda. Nimsaidieje?

MamaKakamega: Wanakijiji, hamjambo. Binti yangu wa miaka 15 anachezea timu ya shule. Mazoezini penalti hazimpigi chenga. Tukifika uwanja wa Bukhungu na watu wamejaa, mikono inakuwa baridi, kipenga kinalia tu ameshapiga, mpira uko juu ya mwamba. Babake anasema ni uoga, akaripiwe. Kocha naye ni “jikaze” tu. Sasa kujikaza kunafundishwa vipi?

RefaMstaafu: Mama, kwanza chunguza hizo penalti za mazoezini. Kama anapiga kumi mfululizo wenzake wakinywa maji, hiyo si penalti. Apige moja tu, mwisho wa mazoezi, miguu imechoka. Aanze kutembea kutoka katikati ya uwanja, timu nzima ikimzomea. Akikosa, nyingine ni kesho. Kama hajawahi kuonja presha mazoezini, mechi ndiyo itakayomwonjesha.

WingaWaMumias: Naongezea. Awe na utaratibu wake usiobadilika: aweke mpira mwenyewe, arudi hatua zilezile, achague kona na asiibadilishe. Kipenga kikilia, asikimbilie. Avute pumzi, kisha aitoe polepole kuliko alivyoivuta. Mapigo ya moyo yanashuka. Na ajiambie la kufanya, “chini kushoto”, wala si “nisikose”. Ukijiambia usikose, unachokiona ni kukosa. Jioni afumbe macho aipige penalti akilini, na kelele zote za Bukhungu ziwemo.

MamaKakamega: Asanteni. Na akikosa tena? Juzi alilia mpaka nyumbani.

TichaNakuru: Alie, hakuna ubaya. Msimchambulie mechi njiani. Mpeni chakula, mazungumzo kesho. Kisha msimulie mwanariadha wetu Faith Kipyegon kwenye Olimpiki ya Paris 2024: alimaliza wa pili mita 5,000, akaondolewa, rufaa ikamrudishia medali yake ya fedha. Siku 5 baadaye akabeba dhahabu ya mita 1,500, ya tatu mfululizo katika Olimpiki. Lakini akianza kukosa usingizi au kukataa kula, hapo tafuta mshauri nasaha, mambo ya penalti yangoje. Na huyo babake anayetaka akaripiwe, mtafutieni kazi nyingine.

MamaKakamega: 😂 Kazi imepatikana. Alhamisi anakuja mazoezini kuongoza wa kuzomea.